Kumwandika Rafiki Msaliti: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Hadithi

Jumamosi alasiri huwa tunakutana waandishi sita au saba hapa Kisumu, kila mmoja na mswada wake, tunasomeana kwa sauti. Mhusika anayetushinda mara nyingi ni mmoja: rafiki wa chanda na pete anayekuja kumgeuka mwenzake. Tukifika ukurasa wa pili, rafiki huyo anaitazama simu mpya ya mwenzake kwa jicho la husuda, na wasikilizaji wanaguna kwa sababu wamekwisha kujua. Kurasa zote zilizobaki wanamsubiri tu yule asiyejua.

Nilichana hadithi nyingi za aina hii kabla sijaona kosa liko wapi. Tulikuwa tunaandika msaliti, kisha tunamvika nguo za rafiki. Inabidi uandike rafiki, wa kweli kabisa, na umwache abaki rafiki hata saa ile anaposaliti. Anachotumia kukuumiza ni kile kile ulichompa kwa kumpenda: siri yako, ufunguo wako, imani kwamba atasema neno wakati wako wa shida. Adui hana vitu hivyo.

Nitaonyesha kila hatua kwa hadithi ninayoiandika sasa, ya Atieno na Nafula, wanawake wawili wanaouza omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, katika soko la Kibuye hapa Kisumu.

Hatua ya kwanza: anza na siku uliyosaliti wewe

Kaa peke yako na daftari. Andika siku uliyomgeuka mtu aliyekuamini. Siku uliyogeukwa iache; umeisimulia mara nyingi na imekwisha kulainika mdomoni.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Kakamega. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na redio ndogo ya betri mbili tuliyoificha ndani ya godoro. Redio ilikuwa yangu, godoro lilikuwa lake. Siku ya msako ikapatikana. Aliulizwa mbele ya bweni zima ni ya nani, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Nilisimama dirishani nikamtazama akilibeba sanduku lake la bati hadi getini, akilihamisha kutoka mkono huu hadi huu. Aliporudi alinikatia nusu ya parachichi aliyotoka nayo kwao, kama alivyofanya siku zote, na hadi leo hajanitajia ile redio.

Nilipoyaandika hayo nilijichunguza nikitafuta ubaya wangu wa siku ile: chuki, kijicho, raha yoyote ya kumwona akiumia. Sikuviona. Niliona hofu ya baba, ambaye alikuwa ameuza ng'ombe ili nisome, na hesabu ya haraka kwamba mwenzangu ataweza kuvumilia kuliko mimi. Msaliti wa karibu huwa na sentensi moja kama hiyo anayojiambia ili mguu usogee. Yangu ilikuwa "yeye ni mkakamavu." Itafute ya mhusika wako, uiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na usiitie hadithini kamwe. Nafula anajiambia: "Atieno ana watu." Atieno ameolewa hapa, ana mashemeji Nyalenda na dada zake Kondele. Nafula ametoka Port Victoria, Busia, akiwa na mtoto mgongoni na gunia moja. Kila anachokifanya baadaye kinatoka katika maneno hayo matatu.

Hatua ya pili: jenga urafiki mpaka uutamani

Hapa ndipo utatumia muda mwingi, na ndipo wengi wetu tunapokimbia. Tunaandika "walikuwa marafiki wa kufa kuzikana" tukidhani kazi imekwisha. Msomaji hasadiki tangazo. Husadiki gharama.

Kwa hiyo jiulize: kila mmoja amemtolea mwenzake nini kilichomuuma? Nafula alipofika Kibuye hakuwa na meza. Atieno alisogeza magunia yake akampa nusu ya meza, akijua kwamba mteja anayesimama hapo anaweza kununua upande wa pili. Akamfundisha kutofautisha omena iliyoanikwa mchangani, ambayo hukwaruza meno, na iliyoanikwa juu ya nyavu, ambayo ukiitia mkono inatoka safi na bei yake ni nzuri. Mama yake Atieno alipofariki, Nafula alifunga biashara siku tano akapika matangani, huku omena yake ikiingia unyevu.

Kisha tafuta jambo wanalolifanya bila kufikiri. Atieno akienda kula, Nafula humuuzia kwa gorogoro yake, lile kopo la kupimia, na akirudi anakuta pesa zimewekwa chini ya leso yake. Hazihesabu. Anazikunja, anazitia kifuani, wanaendelea na mazungumzo. Jambo dogo kama hilo lirudie mara mbili katika kurasa za mwanzo bila kulieleza. Utalihitaji mwishoni.

Angalia pia wanavyoitana. Sokoni mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, hivyo Nafula ni Mama Brian na Atieno ni Mama Vincent. Lakini wakiwa wawili, jua la saa nane likichoma na wateja wamepungua, Atieno humwita Nafu. Hakuna mwingine Kisumu nzima anayemwita hivyo. Kama unaandika wanaume, kuna "omera", yaani "ndugu yangu" kwa Kijaluo, la kila mtu na kuna lakabu ya shuleni ambayo ni mmoja tu anayeijua. Jina la faragha lina uzito kuliko aya nzima ya kusifu urafiki.

Mambo mawili ya kuepuka, ambayo yametoka katika mapokeo yetu na tunayapenda. La kwanza ni majazi. Kumpa mhusika jina linalobeba tabia yake ni mbinu nzuri katika kazi ya kejeli au ya mafunzo, lakini ukimwita rafiki huyu Hiana, umemaliza hadithi kabla hujaianza. La pili ni methali. "Kikulacho ki nguoni mwako" ni kweli tupu, na ndiyo sababu usiiandike. Mara tu bibi wa kijiji anapoitamka, msomaji anaanza kupekua nguo.

Hatua ya tatu: mpe shida yenye tarakimu

Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini mhusika alimsaliti rafikiye, atajibu "wivu na tamaa", na atapewa alama. Mwandishi asijibu hivyo. Hayo ni majina ya makabati. Ndani yake kuna nini? Ni pesa ngapi, zinahitajika lini, na nani anazidai?

Chunguza kazi ya mhusika wako, kwa sababu kazi ina kalenda yake ya dhiki. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na huja kwenye taa vizuri giza likiwa nene. Mbalamwezi ikiwaka, nyavu zinarudi nyepesi na bei ya gunia inapanda. Tena kila mwaka, kuanzia Aprili, uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa ili wazaliane. Muuzaji asiye na akiba hukaa mbele ya meza tupu. Hadithi yangu nimeiweka mwishoni mwa Mei. Sikuhitaji kumfanya Nafula mbaya, ziwa lilikuwa limefungwa.

Halafu Brian akaugua malaria, akalazwa, na Nafula akahitaji shilingi 4,000 usiku wa Jumamosi. Wote wawili wako katika chama cha wanawake kumi na wawili. Kila mmoja hutoa 200 kwa wiki, zinawekwa katika mkebe nyumbani kwa Atieno, mweka hazina, na mwisho wa mwezi zinapelekwa benki. Wiki nne ni 9,600. Atieno alifungua mkebe akahesabu 4,000, akampa. Nafula alisema, "Jumatatu asubuhi nitakurudishia kabla hujaenda benki." Na alikusudia, maana kuna mtu wa Ahero aliyekuwa na deni lake.

Piga hesabu hizi kwenye karatasi kweli kweli. Mmoja wetu aliwahi kusoma hadithi ambayo jumla haikulingana, na tangu hapo hatukusikia tena machozi ya wahusika wake, tulikuwa tukitoa na kujumlisha.

Angalia na simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu wakati huo deni kati ya marafiki lina ujumbe, jina, saa na dakika. Kama Atieno angetuma pesa hizo kwa simu, ushahidi ungekuwa mfukoni mwake na hadithi ingekufa. Ndiyo maana nilimpa mkebe na noti. Ukiandika usaliti wa siku hizi, jiulize mapema simu inajua nini.

Hatua ya nne: chagua usaliti mmoja, tena mdogo

Mwandishi mgeni hukimbilia mume aliyeibwa, sumu kwenye chai, shamba lililouzwa kwa hati bandia. Mambo hayo hutokea. Lakini msomaji akiyasoma hujisemea "mimi siwezi," na hapo hapo anakaa pembeni kama mtazamaji. Usaliti mdogo humnyima nafasi hiyo. Kuna wa neno, kama siri iliyoponyoka mezani kwa kutaka kuchekesha watu. Kuna wa tendo. Na kuna wa kunyamaza, ambao mimi naupenda kuliko yote kwa sababu mtendaji anaweza kusema maisha yake yote kwamba hakufanya kitu.

Tuseme unaandika vijana wawili wa bodaboda, Kaptembwa kule Nakuru, wanaolipia pikipiki moja ya mkopo, huyu mchana yule usiku. Yule wa usiku hana haja ya kuiba pikipiki. Inatosha aione breki ya nyuma imelegea saa kumi na moja alfajiri, awe amechoka, na amkabidhi mwenzake ufunguo bila kusema.

Kwangu mimi chama kiliamua kuhesabu pesa Jumapili, siku moja kabla ya benki, kwa sababu kulikuwa na ombi la mkopo la kujadili. Aliyeomba ni Nafula: 15,000 za kununulia mzigo ziwa litakapofunguliwa. Akisema "zile elfu nne ninazo mimi," mkopo umekwenda. Atieno naye hawezi kujitetea bila kumtaja. Hilo lifikirie sana unapopanga hadithi yako: aliyesalitiwa awe na njia ya kujiokoa, na njia hiyo ipite juu ya rafiki yake. Akikataa kuipita, msomaji atawashika wote wawili moyoni.

Hatua ya tano: nani asimulie?

Hili si jambo la kuchagua kwa mazoea. Andika aya ile ile mara tatu uone.

Akisimulia aliyesalitiwa, kwa nafsi ya kwanza, baada ya miaka: "Nilimpa elfu nne mkononi mwake, na mikono yake ilikuwa baridi." Unapata uchungu, lakini uchungu unajua mwisho na unaweza kuupaka tope mwanzo wote. Akisimulia msaliti: "Nilitaka kusema. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo." Unapata mtu anayejitetea, na msomaji anakuwa hakimu. Ni njia ngumu na tamu. Ijaribu ukiwa umekwisha kuzoea kumwachia mhusika aseme uongo bila wewe kumsahihisha.

Njia ya tatu ni kumwonyesha msomaji dhamiri ya msaliti kabla ya tendo, huku mwenzake hajui. Ndiyo njia ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Tunamkuta Brutus usiku bustanini kwake, peke yake, akijisadikisha kwamba Kaizari lazima afe, na anakiri kwamba yeye binafsi hana kisa naye. Tukifika kwenye majambia hatuulizi nani. Tunamtazama mtu anayempenda mwenzake akitembea kuelekea kwake.

Mimi nimetumia nafsi ya tatu iliyokaa begani kwa Atieno, kwa sababu nilitaka ukimya wa Nafula usikike kwa masikio ya anayeungojea uvunjike.

Hatua ya sita: vidokezo

Viwili au vitatu vinatosha, na kila kimoja kiwe na maana safi siku kinapotokea. Mapema katika hadithi, mteja analalamika kwamba Nafula alimpunjia kipimo. Atieno anasema "nimepima mimi," akabeba lawama, wakacheka mteja alipoondoka. Siku hiyo ni utani wa marafiki. Ukirudi kuisoma unaona kwamba Nafula alikwisha kumwona Atieno akibeba kosa lisilo lake bila kuvunjika. Kidokezo chenye uso mmoja tu, kama lile jicho la husuda kwenye simu, kifute.

Hatua ya saba: tukio lenyewe

Punguza mwendo. Hadithi yote ilikwenda kwa wiki, hapa iende kwa pumzi. Usieleze moyo wa mtu, tazama mikono. Hii ni rasimu yangu ya tano:

Mwenyekiti alilowesha kidole akahesabu mara ya pili. "Elfu tano na mia sita," akasema. "Mama Vincent, tunataka kuona elfu tisa na mia sita."

Atieno hakugeuza kichwa. Alisikia ganda la njugu likivunjika pembeni yake, kisha jingine.

"Labda hukuzileta zote?" mtu akauliza kwa upole.

"Ni zote," Atieno akasema, akangoja.

Ganda likavunjika. Nafula alizisugua njugu kiganjani, akapuliza ngozi zake nyekundu polepole, na kama alivyofanya katika kila mkutano tangu wajuane, akamwekea Atieno mbili juu ya goti.

Katika rasimu ya kwanza Nafula alitazama chini, jasho likamtoka, midomo ikamtetemeka. Nilivifuta vyote. Zile njugu mbili zilikuja zenyewe siku nilipojiuliza angefanya nini kama ingekuwa Jumapili ya kawaida. Fanya hivyo na wewe: chukua tendo la upendo ulilolipanda katika hatua ya pili, ulilete hapa, katikati ya usaliti. Usilieleze. Ukijikuta unaandika "hapo ndipo Atieno alipotambua kwamba," nyanyua kalamu.

Na mazungumzo yawe ya watu wa hapa. Mwanamke wa Kibuye hasemi "umenivunja moyo, ewe mwandani wangu." Mara nyingi hasemi kitu.

Hatua ya nane: kesho yake

Nimesoma miswada mingi ambamo msaliti anagongwa na lori pale Salgaa kwenye barabara ya kwenda Nakuru, au anarukwa na akili. Najua tunakotoa hilo: tumelelewa na ngano zinazolipa kila mtu haki yake kabla ya moto kuzimika. Lakini katika hadithi ya aina hii kifo kinamwondolea msaliti mzigo, na kinamwondolea mwandishi kazi. Kuungama kwa machozi nako kunaondoa mzigo. Kazi iliyopo ni kuwaweka wawili hao mahali pamoja bila njia ya kukwepana, na mji kama wetu unakusaidia. Meza ni ile ile. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi lazima wote wafungue magunia.

Nilijaribu miisho mitatu. Katika wa kwanza Atieno alihamia soko la Jubilee. Ulikuwa mwepisi mno. Katika wa pili aliwaambia wanachama ukweli baada ya mwezi, na hadithi ikageuka kesi. Wa tatu ndio nitakaowasomea wenzangu Jumamosi. Chama kimemvua Atieno uweka hazina. Nafula amepata mkopo wake, Brian ametoka hospitalini. Atieno anakwenda kula, anarudi. Nafula anammiminia chai kutoka kwenye thamosi, sukari mbili, bila kuulizwa.

"Asante, Mama Brian," Atieno anasema.

Kisha anainua leso. Pesa za mauzo ziko pale, na juu yake noti nne za elfu moja zimekunjwa pamoja. Anaketi, anazinyoosha gotini moja moja, na Nafula akiwa amesimama na thamosi mkononi, anaanza kuzihesabu.